Kikapu cha Chai Siku ya Mavuno

Watu wengi hustaafu wakiwa na mvi. Mimi nastaafu wakati walinzi wa mageti ya shule bado wananiuliza kama nimekuja kumwona mwanafunzi au mimi ndiye mwanafunzi. Hata hivyo ni kustaafu. Jumapili iliyopita nilikabidhi ufunguo wa kabati la shule ya Jumapili, nikavishwa kitenge, nikaombewa, na Mwinjilisti akanisifia uvumilivu kwa maneno mazuri ambayo nadhani yalikuwa yameandaliwa kwa mtu mwingine. Wiki ijayo naanza kazi ya maendeleo ya jamii Muheza, bondeni kwenye joto na machungwa.

Ninyi wawili mnaolipokea darasa mliniomba maelekezo kidogo. Nilianza kuyaandika kama maelekezo, nikajikuta kila sentensi naifuta kwa kuhofia kwamba mtaifuata. Kwa hiyo nawaandikia tu yaliyonipata. Mtachagua wenyewe.

Niliingia kazi hii bila kuiomba. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi nyumbani Lushoto, natuma maombi ya kazi kwenye mtandao na kila siku nafungua simu kuona kama yamejibiwa. Nikiwa na wasiwasi mimi huosha vyombo. Siku moja mama alisimama mlangoni akaniangalia.

"Neema, hizo sahani umeshaziosha asubuhi."

"Najua, mama."

"Sasa nenda kanisani ukamsaidie Mama Mkunde kabla hujazifuta maua."

Mama Mkunde mnamjua, lakini atakayesoma haya baadaye huenda asimjue. Ni mama mfupi, muuza peasi na plamu sokoni, aliyefundisha shule ya Jumapili katika mtaa wetu tangu enzi ambazo mama yangu mwenyewe alikuwa mtoto wa darasa hilo. Nilipokwenda kumsalimia, "Shikamoo" yangu aliiitikia huku akinikabidhi kiberiti. Alisema magoti yake yamechoka kuchuchumaa, na mtu wa kuchuchumaa sasa nitakuwa mimi.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, zile wiki nne za kuingojea Krismasi. Nilijiandaa kama mtu anayetetea utafiti wake. Nilikuwa na maana ya neno Majilio, nilikuwa na sababu ya rangi ya zambarau, nilikuwa na maelezo ya kila mshumaa kati ya ile minne iliyochomekwa kwenye duara la matawi ya saiprasi. Watoto walikaa kwenye mabenchi, miguu inaning'inia, wanaangalia mishumaa. Mimi naeleza. Mvulana mmoja mwenye sweta lililotoboka kiwiko, Elia, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tunawasha lini?"

"Subiri kwanza tuelewe."

"Tukishaelewa itakuwa bado Jumapili?"

Wenzake wakacheka. Mimi nilisikia masikio yanapata moto, nikaanza kufikiri kama nimeshindwa kazi, na kama nimeshindwa, nitamwambiaje mama. Mama Mkunde alikuwa amekaa benchi la nyuma. Hakunyanyuka. Alisema tu, "Washa, mwanangu. Washa mmoja tu, halafu unyamaze."

Nikawasha mmoja, nikanyamaza. Haukupita muda.

"Na ile mingine?"

"Bado."

"Kwa nini bado?"

"Kwa sababu tunasubiri."

"Tunamsubiri nani?"

Hapo ndipo somo lilipoanza, na sikuhitaji karatasi. Namshukuru Mungu kwa swali lile kuliko kwa mengi niliyosomeshwa kwa gharama kubwa zaidi.

Sasa niseme habari za vifaa, maana mtavirithi. Kengele haina ulimi. Igongeni kwa msumari uliofungwa pembeni yake. Mishumaa iwekeni ndani ya kopo la maziwa ya unga na mfunike, la sivyo panya wa kabatini watasherehekea Majilio kabla yenu. Zile picha za kubandika kwenye ubao wa kitambaa zimekamilika, isipokuwa Yusufu, aliyepotea kabla sijafika. Nafasi yake anaishika Boazi, ambaye amechorwa na mundu mkononi. Watoto wamezoea. Mkiulizwa kwa nini Yusufu anakwenda Bethlehemu na mundu, msibabaike. Semeni alikuwa fundi.

Krismasi ya kwanza niliiogopa kuliko mwaka mzima. Mnajua huku kwetu sikukuu ilivyo. Ukimuuliza mtoto Krismasi ni nini, atakuambia ni pilau na nguo mpya, na hajakosea sana. Majirani zetu wengi ni Waislamu, sahani za pilau zinapanda na kushuka mlimani, Idi zinatoka kwao, Krismasi zinatoka kwetu, na mtoto wa darasani hajui hasa tofauti iko wapi zaidi ya jinsi nyama ilivyokolea. Mimi nilijipanga kusahihisha. Nilikuwa na kichwa cha somo tayari: Krismasi si pilau. Nikamwonyesha Mama Mkunde akiwa sokoni, amezungukwa na ndoo za plamu.

Akakisoma. Akampimia mteja. Akakisoma tena.

"Hii 'si' iondoe."

"Lakini mama, maana yenyewe watoto hawaijui."

"Hawaijui, ndiyo. Lakini ukianza na 'si', mtoto anaona umemnyang'anya sahani kabla hujampa kitu. Kwa nini tunapika?"

"Kwa sababu ya furaha."

"Furaha ya nini?"

"Mtoto amezaliwa."

"Nyumbani kwenu mtoto akizaliwa watu hawali? Haya. Anzia jikoni, ufike horini."

Nikaanzia jikoni. Niliwauliza watoto nyumba zao zilipika nini mdogo wao wa mwisho alipozaliwa, na nani aliletewa. Kila mmoja alikuwa na habari. Mwingine alisema walipika uji na shangazi yake akaumaliza. Kutoka hapo hadi Bethlehemu ilikuwa safari fupi. Kisha msichana mmoja akauliza, "Bi Halima si Mkristo, kwa nini tunampelekea?" Bi Halima ni jirani wa kanisa, nyumba yake inatazama mlango wetu. Kabla sijajibu, Elia akasema, "Malaika walisema ni furaha ya watu wote. Bi Halima si mtu?" Nililifikiria jibu hilo wiki nzima, nikilitafutia kasoro. Sikuipata.

Mkifundisha Pasaka, jiandaeni kwa maswali msiyoyategemea. Mwaka mmoja kulikuja mtoto wa likizo kutoka Dar, akawaambia wenzake kwamba Pasaka kuna sungura anayeleta mayai. Darasa lilichachamaa. Huku sungura tunawafuga. Walitaka kujua ni jamii gani hiyo, na kama mbegu inapatikana. Nilitumia nusu ya kipindi kueleza kwamba mayai huko wanakoyapaka rangi ni alama ya uhai uliofungwa ukafunguka, kama kaburi. Nusu nyingine nilitumia kueleza kwamba sungura mimi mwenyewe simwelewi vizuri. Wote walikubali kwamba hilo ni jibu la haki.

Mila yetu hasa ya Pasaka ni ile ya makaburini. Jumamosi watoto wanakwenda na majembe na mafagio kusafisha makaburi, Jumapili alfajiri tunasimama pale na ukungu, matarumbeta yanapigwa, tunaimba amefufuka. Mwaka wangu wa pili nilimwona Elia amesimama kwenye kaburi la bibi yake, ameshika ndala za zamani za mwanamke.

"Za nani hizo?"

"Za bibi. Umesema watafufuka. Na haya matope, atatembeaje?"

Nilikuwa na majibu mengi na yote yalikuwa marefu. Nikachuchumaa.

"Elia, atafufuka. Ila siku hatujaambiwa."

Akafikiri. "Si leo?"

"Sijui. Sidhani."

"Basi nitazileta tena mwakani."

Alizikung'uta, akazikumbatia, akarudi kwenye mstari. Sikuweza kuimba wimbo uliofuata. Mpaka sasa, nikiwa na mashaka yangu ya kawaida, na ninayo mengi, namkumbuka mtoto aliyeamini kiasi cha kubeba viatu. Nasema asante.

Sasa nifike Mavuno ya mwaka huu, ambayo ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Sikukuu ya Mavuno kwetu ni siku ya kelele nzuri. Kila nyumba inaleta ilichovuna: viazi, karoti, kabeji, ndizi, mayai, jogoo amefungwa miguu. Watoto ndio wanaopeleka vitu mbele, kwa mstari, matarumbeta yakipiga. Mbele anasimama Mzee Kaniki, mzee wa kanisa, anapokea kila kitu kwa mikono miwili, anakiinua juu na kutangaza: "Kabeji! Kutoka kwa Elia!" Kanisa lote linaitikia, "Asante, Bwana!" Baada ya ibada vitu vinanadiwa uwanjani, na majirani wasio wa kanisa letu nao huja kununua. Mwaka juzi Bi Halima alimshika jogoo akamkagua mdomo na mbawa, akauliza, "Huyu amekulia kanisani? Maana wangu wa nyumbani hana adabu." Akamchukua.

Kulikuwa na kundi moja ambalo siku hiyo halikuonekana. Watoto wa kambini. Chini ya kanisa letu kuna shamba kubwa la chai, na wachumaji wake wanakaa kwenye vyumba vya kambi. Wengi wametoka mbali, Kigoma, Njombe, Songea. Jumapili za kawaida watoto wao wanakuja. Jumapili ya Mavuno wanaumwa tumbo, wote. Mwaka wa kwanza niliamini kuna maradhi.

Tabita ndiye aliyeniambia. Ni msichana wa darasa la nne, mwembamba, anayejibu polepole. Mama yake alikuja kutoka Kigoma kuchuma chai na wanaishi wawili tu, chumba kimoja. Mama Tabita anaimba kwaya, sauti ya pili, na huko juu kwenye kwaya ndiko mahali pekee ambapo nimewahi kumwona bila kuchoka.

"Sisi hatuna shamba, mwalimu," Tabita alisema, wiki chache kabla ya Mavuno. "Tukija tunaleta nini? Mikono?"

Wenzake wa kambini waliangalia chini. Nikawaambia ndiyo, mikono. Nikawafundisha kwamba malimbuko ni kumrudishia Mungu sehemu ya kwanza ya kile alichokuwezesha kukifanya, na Mungu hapokei mazao ya mwenye shamba peke yake, anapokea kazi ya kila mtu. Mwinjilisti naye alikuwa akitangaza hivyohivyo kila Jumapili: kila mmoja alete alichokipata kwa kazi ya mikono. Nilitazamia watoto wa kambi walete mfagio waliousuka, mkeka, hata picha ya kuchora.

Jumapili yenyewe walikuja. Wengine walikuwa na vifagio, mmoja alikuwa na gari la waya. Niliwapanga mlangoni moyo wangu ukiwa mwepesi. Tabita alisimama katikati ya mstari na kikapu kidogo kilichofunikwa kipande cha kitenge.

"Umeleta nini?"

Akafunua pembe. Majani mabichi ya chai, machipukizi yake yamepangwa kwa uangalifu, mengine bado yana umande.

Lazima nieleze kwa nini kikapu hicho kilinitisha. Mwezi huohuo mtu mmoja wa kambini alikamatwa akipitisha gunia la majani nje ya shamba ili ayachanganye na ya mkulima mdogo na kuyauza. Alifukuzwa siku hiyohiyo, chumba kikafungwa, na familia yake ikakaa barabarani juu ya godoro kusubiri gari. Kisha likatoka tangazo kwa wachumaji wote: jani likitoka nje ya shamba, liwe kidogo kiasi gani, aliyelitoa hana kazi. Na nyapara aliyelisoma tangazo hilo, anayesimamia kuchuma na kupima Jumatatu hadi Jumamosi, ni Mzee Kaniki. Huyohuyo aliyekuwa amesimama mbele, mikono miwili tayari.

"Mama anajua?" niliuliza.

"Hajui. Nimechuma mwenyewe, nyuma ya chumba chetu."

Kichwa changu kikafanya kile ambacho hufanya. Niliona njia ya kukificha kikapu chini ya kitenge changu, nikaona ubaya wake. Niliona njia ya kumwambia Tabita amekosea, nikaona uso wake baada ya hapo. Niliona njia ya kumwita Mzee Kaniki pembeni, ambayo ilikuwa sawa na kumshitaki mama yake. Nikamkimbilia Mama Mkunde, aliyekuwa akiwafunga kamba za viatu wadogo wa mwanzo wa mstari. Nikamnong'oneza.

"Ee Mungu wangu," alisema.

"Tufanye nini?"

"Sijui, mwanangu."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Akashika mkono wangu, tukasimama wote wawili hatujui. Kisha nikarudi kwa Tabita, nikachuchumaa.

"Tabita, Elia ana kabeji mbili. Chukua moja upeleke, hiki nikushikie."

Elia alishaanza kumnyooshea kabeji. Tabita hakuipokea.

"Hiyo ni ya Elia."

"Amekupa."

"Itabaki ya Elia, mwalimu. Ulisema tulete ya kwetu."

Matarumbeta yakaanza, mstari ukaondoka. Nilitembea nyuma yake karibu, kana kwamba ukaribu wangu ungesaidia kitu.

Kwaya inaimba imesimama, ikitazama madhabahu kwa ubavu, kwa hiyo Mama Tabita aliona kila kitu. Aliona kwanza kitenge, maana kilikuwa chake. Akatabasamu. Hakujua kilichomo.

"Viazi! Kutoka kwa nyumba ya Mama Mkunde!"

"Asante, Bwana!"

"Kabeji! Mbili! Kutoka kwa Elia!"

"Asante, Bwana!"

Tabita akainua kikapu. Mzee Kaniki akainama kukipokea, kitenge kikateleza. Alibaki ameinama hivyohivyo. Kwenye kwaya sauti ya pili ilipungua, wimbo ukaendelea umechechemea.

Mzee alichukua chipukizi moja akalitazama kama anavyolitazama kwenye mizani. Alizungumza kwa sauti ya chini, nami nilikuwa nyuma ya bega la mtoto, nikasikia.

"Nani kachuma?"

"Mimi."

"Mama kakutuma?"

"Hapana, babu. Hajui."

"Kwa nini umeleta hii?"

"Ndiyo kazi yake. Nilitaka na yeye atangazwe."

Mzee Kaniki akainuka. Ni mtu mkali. Nyumbani kwake hata mbwa hubweka kwa zamu. Kama angekifunika kikapu na kukiweka chini ya meza, asingelaumiwa na mtu, na kesho yake angejua la kufanya kimyakimya, kwa heri au kwa shari. Alikiangalia kikapu, akaangalia kwaya, halafu akaangalia mabenchi ya nyuma karibu na mlango, wanakokaa watu wa kambini kwa sababu wanaamini mbele kuna wenyewe.

Akakiinua juu, juu kuliko alivyoinua kabeji.

"Chai!" alisema. "Kutoka kwa Mama Tabita, na wachumaji wote wa kambi!"

Watu walijua tangazo la shamba, na walijua anayesema ni nani. Kisha mabenchi ya nyuma yakaitikia yenyewe, kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sauti ambayo sikujua kwamba wanayo.

"Asante, Bwana!"

Mimi nilikuwa natazama kwaya. Mama Tabita alikuwa amekaa chini, viganja vyake viko mdomoni.

Baada ya ibada hakwenda mnadani. Alimshika Tabita mkono, akamfuata Mzee Kaniki aliyekuwa akitoka na kikapu kile, nami nikawafuata.

"Shikamoo, mzee. Nifungashe?"

"Marahaba. Kesho uje kazini."

"Nije nikiwa na kazi, au nije kuambiwa?"

Mzee alimgeukia. "Mama, sitakudanganya. Nimetangaza mbele ya kanisa zima. Siwezi kwenda kwa meneja nikasema sikuona. Nitamwambia nilichopokea na nilikipokea wapi. Atakalosema, ni lake."

"Na mtoto?"

"Mtoto amefundishwa vizuri," alisema, na akanitazama kwa jicho ambalo sikujua kama ni sifa. "Tatizo ni kwamba amefundishika."

Akashuka na barabara, katikati, kikapu hakijafunikwa, watu wote wanaona nyapara amebeba majani nje ya shamba. Mama Tabita akarudi kambini na mwanawe. Nilisikia baadaye kwamba alifunga nguo kwenye shuka, akazifungua, akazifunga tena.

Kwa sababu ya hayo, ninyi mnaopokea darasa msiniulize kama nilifundisha sawasawa. Nimelizungusha jambo hilo kichwani mpaka limelainika. Ninachojua ni kwamba mwaka huu watoto wa kambi waliipata maana ya Mavuno kwa namna ambayo mimi nilikuwa naisema tu. Ila Jumatatu ile asubuhi sikuwa najua hata hilo. Nilijua kwamba mwanamke mmoja angeweza kukaa barabarani juu ya godoro na mtoto wake.

Kwa hiyo nilishuka. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kumtetea, yenye utangulizi, na niliirudia njia nzima kwenye ukungu hadi kituo cha kupimia, ambako wachumaji hupanga foleni na vikapu vya mchumo wa kwanza. Nilisimama karibu na mizani. Nilitafuta uso wa Mama Tabita nikaogopa kuutafuta. Majina yalikuwa yakiitwa moja moja kwa ile sauti ya kanisani, na lake bado.

"Mama Tabita!"

Akasogea mbele, kikapu mgongoni, macho chini. Mzee Kaniki akaingiza mkono kwenye majani yake, akatoa kitu, akakiinua watu wote wakione.

"Vijiti gani hivi? Unachuma chai au unakata kuni?"

Wanawake wakaangua kicheko. "Samahani, mzee," alisema Mama Tabita, na alishindwa kabisa kuuzuia uso wake usifurahi. Sijawahi kuona mtu anakaripiwa akapokea kwa shukrani namna ile.

Ndipo mzee akaniona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Umekuja kuchuma?"

"Hapana. Nilikuwa na neno. Kuhusu jana."

"Meneja nimeshamwona. Nimemwambia kikapu nilikipokea mimi, mbele ya watu. Akauliza kama nilipokea na kabeji. Nikamwambia nyingi. Amesema mwakani watoto wa kambi waje ofisini waombe mapema, wapewe ya kupeleka." Akafuta mikono kwenye koti. "Una neno jingine?"

Nilikuwa na hotuba nzima.

"Sina, mzee."

"Basi pita, unaziba mizani."

Nikasogea pembeni, na Mama Tabita akaweka kikapu chake.